Maua ya Meza Kuu

Nilimkuta amepiga magoti kwenye majani makavu, mguu wa farasi umelala juu ya paja lake, anaufunga bandeji polepole. Hakugeuka. Alinijua kwa hatua zangu. Siku zote alisema natembea kwa haraka ya mtu anayekimbia wadai, na siku zote nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

“Katibu,” akaniita.

“Nipo.”

“Barua iko kwenye mfuko wa koti, pale kwenye msumari. Isome kwanza kabla hujaigonga mhuri. Huenda nimeandika kama mtoto wa darasa la pili.”

Sikulifuata koti. Nilibaki mlangoni mwa banda na mkoba wangu begani, ndani yake mhuri wa kamati na wino wake, nikautazama mgongo wake. Wiki tatu zilikuwa zimemla. Shati lililokuwa likimkaa vizuri mabegani, lile nililokuwa nikilitafuta kwa macho kila asubuhi huku nikijifanya nakagua mabanda, sasa lilimpwaya. Nilimpenda mwanaume yule mpaka nikawa najionea huruma. Na asubuhi ile nilikuwa nimekuja kuchukua uongo aliouandika kwa mkono wake akidhani ni kweli.

Pale uwanjani kila mtu alimwita Sekunde. Hajawahi kumshinda mtu kwa zaidi ya sekunde moja, lakini alikuwa anashinda. Mwaka wa kwanza tulipojuana alilipa ada yake ya kushindana kwa vipande vinne. Nilidhani hana hela. Baadaye sana ndipo aliponiambia alikuwa nazo zote siku ya kwanza, ila alitaka sababu ya kuja dirishani kwangu mara nne. Ukimwona alivyo mpole huwezi kumdhania ujanja huo.

Farasi wake jike aliitwa Bi Mkubwa. Watunza mabanda ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa hakukubali kutoka mlangoni akiwa wa pili na alimgeuzia mgongo yeyote aliyekuja mikono mitupu. Siku hiyo nilikuja na karoti. Aliipokea bila kunitazama, akatafuna taratibu.

“Daktari alipita?” nikauliza.

“Jana jioni.” Akakaza fundo la bandeji, akalipima kwa kidole. “Kutembea, atatembea. Kuzaa, labda. Kuruka, basi.”

“Pole.”

“Mpe yeye pole. Mimi ndiye niliyemfanyia.” Aliushusha ule mguu chini kwa uangalifu, kisha akakaa hapo hapo kwenye majani. “Nilimchelewesha, Katibu. Nusu hatua tu. Nikifumba macho naiona. Nakuja kwenye kiunzi cha tisa, nahesabu, moja, mbili, halafu pale pa kumwachia nakaza hatamu. Kwa nini nilikaza? Sijawahi kukaza pale maisha yangu yote. Sasa nikiitazama mikono hii naona si yangu.”

Akaikunjua mbele yangu, viganja juu. Nami, Mungu anisamehe, nikapiga magoti kando yake, nikaishika, nikaibusu mmoja baada ya mwingine, kama nilivyofanya karibu kila siku tangu aanguke.

“Usijilaumu,” nikamwambia.

Akatabasamu. Heri angenitukana.

Ngoja nikuambie wewe unayesoma, maana yeye nilikuwa sijamwambia. Sekunde hakukosea kitu. Kiunzi cha tisa kilikuwa kile kipana, chenye mti mmoja mbele na mwingine nyuma. Wa nyuma ndio wa hatari, kwa sababu farasi akipungukiwa anaushukia kwa uzito wake wote. Ndiyo maana unalazwa juu ya vishikizo maalumu vya chuma, vilivyopimwa, ambavyo vikielemewa vinauachia mti uanguke. Vishikizo vya kuchomelea haviachii. Bi Mkubwa aliuparaza mti wa nyuma kwa kwato, kosa dogo ambalo farasi wote hulifanya. Ilikuwa mti udondoke, wakatwe pointi nne, tuendelee. Mti haukudondoka. Mguu ulinasa, na wote wawili wakaenda chini mbele ya watu elfu mbili.

Vishikizo vya kiunzi cha tisa vilichomelewa na fundi wa mageti. Niliyemwagiza ni mimi.

Watu wakisikia mashindano ya farasi wanadhani pesa zinalala humo na kuamkia humo. Laiti wangejua. Baba yangu aliyaanzisha mashindano yale miaka ishirini na sita iliyopita, na hayajawahi kujilipa yenyewe hata mwaka mmoja. Mchanga wa uwanja lazima ubadilishwe, la sivyo farasi wanateleza. Waamuzi wanataka hoteli. Saa za kupimia muda unakodi, mabanda ya wageni unakodi, gari la wagonjwa lazima lisimame pale kutwa nzima hata asiumie mtu. Ada wanazolipa washindani hazifiki hata kwenye vyoo. Kinachobaki ni mdhamini, na mdhamini unaishi naye kwa kumchekea tu, hujui kesho ataamkaje. Wetu, kampuni ya rangi, alitukimbia siku kumi na tisa kabla ya mashindano kwa ujumbe wa mistari miwili, na mstari wa pili ulikuwa wa kututakia kila la heri.

Zawadi tulikuwa tumeshaitangaza. Ukipunguza zawadi, wapandaji wakubwa hawaji; wasipokuja, watazamaji wanabaki kwao; na bila watazamaji, mdhamini mwingine utampata wapi? Baba aliuza kiwanja cha nyuma ya nyumba. Mimi niliuza gari. Pengo likabaki vile vile. Nikakaa na kalamu nikawa nakata, na nilikata pale ambapo macho ya watu hayafiki. Asubuhi ya mashindano, Fundi Njia, mzee wetu anayepanga viunzi na kupima hatua kati ya kimoja na kingine, alivichukua vile vishikizo akavigeuzageuza.

“Katibu, hivi vimepimwa?”

“Vimepimwa,” nikamjibu bila kupepesa macho.

Akaniamini, kwa sababu ananijua tangu nikibebwa mgongoni.

Yangeishia hapo ningesema ni shetani wa siku moja. Hayakuishia. Kampuni ya matangi ya maji, ambayo wakubwa wake tuliwaalika meza kuu siku ile, ilijitokeza kutudhamini miaka mitatu, ikataka kitu kimoja tu: ithibitike kwa maandishi kwamba ajali ilitokana na mpandaji, si na uwanja. “Kijana mwenyewe anasema ni kosa lake,” baba aliniambia tukiwa mezani. “Basi aandike. Wewe ukimwomba hatakataa.” Baba hakujua lolote. Nikaenda nikamwomba, na Sekunde hakukataa.

Hatimaye niliitoa ile barua kwenye koti. Ilikuwa nusu ukurasa. Alikiri kuchelewesha farasi, akaomba radhi kwa kamati, kwa waamuzi na kwa Fundi Njia. Mwisho kabisa aliandika: Nawaomba radhi na watoto waliokaa safu ya mbele kwa walichokiona.

Nilisoma mstari huo mara mbili. Mara ya tatu sikuuona kwa machozi.

“Hodi humu.”

Mama yake alikuwa ameshaingia. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi wa maneno yaliyonyooka, na tepu ya kupimia ilining'inia shingoni mwake hata akiwa barabarani. Mkononi alibeba kifurushi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Macho yake yalinipima kuanzia viatu hadi mkoba. “Kumbe na wewe upo. Farasi anavunjika, wa kwangu anabaki na bandeji, nyinyi mnabaki na mihuri.”

“Mama, amekuja kuchukua barua tu,” Sekunde akasema.

“Najua. Nani asiyejua?” Akafungua kifurushi juu ya pipa la chakula cha farasi. “Suruali mbili, shati mbili. Mjomba wako anakutaka dukani Jumatatu saa mbili kamili. Utakaa kaunta, utauza misumari na bawaba, na jioni utarudi nyumbani na mifupa yako yote. Nimezipunguza kiunoni, maana umebaki mfupa na jina.”

“Asante, mama.”

“Usinishukuru. Nijibu. Nilikuwa na cherehani ngapi?”

Sekunde akaokota jani moja kavu, akalikunja.

“Nimekuuliza.”

“Tatu.”

“Leo nina ngapi?”

“Moja.”

“Mbili ziko wapi?”

Alimtazama Bi Mkubwa, kisha akatazama chini. “Ziko hapa.”

“Ziko hapo, zimefungwa bandeji. Baba yako, Mungu amrehemu, aliendesha lori miaka thelathini hakukanyaga hata kuku. Wewe umepewa mnyama mmoja tu umtunze, umemvunja kwa uzembe, mbele za watu. Mteja wangu ananiuliza huku namchukua vipimo, ‘Mwanao alisinzia juu ya farasi?’ Nimjibu nini?”

“Mwambie ndiyo.”

“Nini?”

“Mwambie ndiyo, mama. Nilikosea. Nisamehe.”

Mwanaume wa miaka thelathini na moja, amekaa kwenye majani, kichwa ameinamisha, anapokea. Hakujitetea hata kwa neno moja. Niliona kidole gumba chake kikisugua kiganja cha kushoto, mkono wa hatamu, kikisugua na kusugua kama kuna doa pale. Nimewahi kuona aibu maishani, kudaiwa mbele za wageni, kufungiwa mlango na mdhamini, lakini sijawahi kuona kitu cha aibu kama mimi nilivyokuwa dakika ile, nimesimama na barua yake mkononi.

“Si yeye,” nikasema.

Mama yake akanigeukia. “Unasemaje?”

“Hakukosea, mama. Si yeye.”

“Katibu, acha,” Sekunde akasema kwa upole. “Huna haja ya kunitetea.”

“Sikutetei.” Nikajikaza. “Vishikizo vya kiunzi cha tisa havikuwa vile vya kuachia. Vilikuwa vya kuchomelea. Mti haukudondoka kwa sababu haukuweza kudondoka.”

Bi Mkubwa peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna.

Sekunde akasimama taratibu. “Fundi Njia alivikagua.”

“Aliniuliza. Nikamwambia vimepimwa.”

“Kwa sababu ulidhani vimepimwa.”

Alikuwa ananifungulia mlango. Hata wakati ule, mwanaume yule alikuwa ananitafutia pa kutokea, na mguu wangu ulishaanza kunyanyuka niupite. Kusema “ndiyo” kungenitosha. Angenisamehe kabla ya saa sita.

“Hapana,” nikasema. “Nilijua havijapimwa.”

“Nilipoingia uwanjani, ulijua?”

“Nilijua.”

“Ulikuwa umesimama getini. Ulinipungia mkono.”

“Nilikupungia.”

Nilimsubiri mama yake apige kelele. Nilitamani apige. Badala yake alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaishika tepu yake kwa mikono miwili.

“Hivyo vishikizo vya halali,” akauliza, “vya kiunzi kimoja, ni bei gani?”

“Mama…”

“Mimi ni fundi, binti. Naelewa mtu akibana kitambaa. Nataka kujua ulibana kiasi gani.”

Nikamtajia. Ilikuwa hela ndogo, bei ya kushona magauni mawili ya kawaida, na yeye alijua hivyo kuliko mimi.

“Na hela hiyo ikaenda wapi?”

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelikimbia wiki tatu. Nilikuwa nimejiambia imeenda kwenye zawadi, imeenda kwenye mchanga, imezama tu kwenye madeni kama nyingine zote. Lakini katibu ni mimi, na niliyeandika risiti ni mimi.

“Maua,” nikasema.

“Sikusikia.”

“Maua ya meza kuu. Ya wageni wa heshima. Niliona meza ikiwa tupu watu wa matangi watadhani tumefilisika.”

“Si mlikuwa mmefilisika?”

“Ndiyo, mama.”

“Maua gani?”

“Waridi.”

Akatikisa kichwa polepole, vile anavyofanya akiambiwa kipimo ambacho kitambaa hakikitoshi.

Sekunde alikuwa amesimama na mkono wake shingoni mwa Bi Mkubwa. Nilimtazama kwa sababu nilishindwa kutomtazama. Uso niliouzoea ukinifuata dirishani, ukinitafuta kwenye umati kabla ya kila mruko, haukunitafuta tena.

“Wiki tatu,” akasema. “Kila siku umekuja hapa.”

“Ndiyo.”

“Umeishika mikono hii. Umeibusu.”

“Ndiyo.”

“Kila siku unaniambia nisijilaumu.”

“Ndiyo.”

“Hukuniambia kwa nini.”

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia: akalia. Hakulia kwa hasira, hasira ningeielewa. Alilia kwa nafuu, paji la uso likiwa kwenye shingo ya farasi, mabega yakimtikisika, na katikati ya kilio akawa anacheka.

“Kwa hiyo niliachia,” alikuwa anasema. “Mama, niliachia pale pale. Mwili ulikuwa unaniambia umeachia, umeachia, mimi nikawa naubishia. Niliachia, Bi Mkubwa. Hatukukosea.”

Nafuu ile ilikuwa mdomoni mwangu siku ishirini na moja nzima, na nilikuwa nimeinyima mtu ninayempenda kuliko wote. Nikanyoosha mkono nimguse bega. Akasogea hatua moja kando, mkono wangu ukabaki hewani, nikaurudisha mwenyewe.

“Nakupenda,” nikasema, na hata masikioni mwangu lilisikika neno la mtu anayeomba mkopo. “Niliogopa kukukosa.”

“Uliogopa kunikosa wewe,” akajibu, bado amenipa mgongo, “ukaona heri nijikose mwenyewe.”

Akageuka, akaichukua ile barua vidoleni mwangu. Aliikunja, akairudisha kwenye mfuko wa koti lake. Macho yalikuwa mekundu, lakini mikono ilikuwa imetulia.

“Kamati inakaa saa nne,” akasema. “Nenda kawaambie.”

“Nitakwenda naye,” mama yake akasema, akiinuka kwenye ndoo. “Nataka nimsikie akisema mara ya pili. Mara ya kwanza mtu anaweza kuwa ameropoka.”

Tulikwenda tukipita mahema yaliyokunjwa ambayo tulikuwa hatujayarudisha kwa wenyewe. Yeye alitangulia, mimi nyuma. Watunza mabanda walinisalimia kama kawaida, “Katibu, habari za asubuhi,” na kila salamu niliipokea kwa shida.

Ofisi ya kamati ilikuwa juu ya chumba cha matandiko, na ukutani kuna picha za washindi wa miaka ishirini na sita. Baba alikuwa amekaa kichwani mwa meza, amevaa tai yake ya siku za mashindano. Meneja wa matangi alikuwa upande wake wa kulia, mkataba wazi, kalamu tayari. Fundi Njia alikuwa dirishani, kofia magotini.

“Umechelewa, lakini hujaharibu,” baba akasema kwa furaha. Kisha akamwona aliyekuja nami. “Karibu, mama. Na wewe binti yangu, barua umeileta?”

“Hakuna barua, baba,” nikasema.

Nikawaeleza nikiwa nimesimama. Sikupamba, wala sikuanza na kampuni ya rangi na mistari yake miwili, ingawa ulimi uliniwasha. Nilisema niliviagiza, nilisema nilijua, nilisema nilidanganya.

Wa kwanza kuongea alikuwa Fundi Njia. “Uliniambia vimepimwa, mwanangu,” akasema, akiigeuza kofia yake. Hakuwa na ukali hata kidogo, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Meneja akafunika kalamu. “Mwenyekiti, tutawasiliana,” akasema, na sisi wote tuliokwisha kuambiwa hivyo na watu wengi tulijua maana yake. Aliondoka na mkataba wake. Viatu vyake vilisikika ngazi nzima mpaka chini.

Baba hakumtazama akiondoka. Alinitazama mimi. “Kwa nini hukuniambia hela imepungua?”

“Ulikuwa umeshauza kiwanja, baba.”

“Ningeuza na nyumba.” Akailegeza tai. “Ningeuza na nyumba, mwanangu. Tungelala nje. Lakini nisingemvunja mtoto wa mwenzangu.”

Kisha akainuka. Baba ana ugonjwa wa magoti, huwa hasimami hata kwa wadhamini, lakini alishika ukingo wa meza akasimama mbele ya yule fundi cherehani. “Mama, nisamehe. Mashindano haya yamekwisha leo. Mahema si yetu, lakini miti na viunzi ni vyetu, tutaviuza. Najua uliuza cherehani zako kwa ajili ya farasi yule; zitarudi.”

“Sikufuata cherehani,” akajibu.

“Umefuata nini?”

“Jina la mwanangu.” Akanigeukia. “Wewe si ndiye katibu? Kaa chini. Andika.”

Nikakaa. Nikafungua kitabu cha mihtasari, kile kile nilichokuwa nikiandikia majina ya washindi kwa mwandiko wa kupamba, nikaweka tarehe. Katika mihtasari mtu hajiandiki “mimi.” Nikaandika kwamba Katibu alieleza. Nikaandika kwamba Katibu alikiri kuwa vishikizo vya kiunzi cha tisa havikupimwa na kwamba alijua. Nikaandika kwamba mpandaji hana kosa lolote. Mama yake Sekunde alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma neno kwa neno juu ya bega langu.

“Andika na maua,” akasema.

Baba hakuelewa. “Maua yapi?”

“Anayajua.”

Nikaandika na maua. Nikaandika yalikuwa waridi, yaliwekwa meza kuu, na bei yake. Kisha nikagonga mhuri, na baba akasaini bila kunitazama. Nilitaka kumshika mkono. Alikuwa ameshageukia ukutani, anaanza kutungua picha, moja moja.

Tulipotoka nje jua lilikuwa limepanda. Kutoka ngazini tulisikia kwato. Sekunde alikuwa uwanjani juu ya farasi wa kufundishia, yule mzee mwenye mgongo uliobonyea anayebeba wanaoanza. Alikuwa amesimamisha kiunzi kimoja tu, kifupi, na anakizunguka kwa mbali, anazunguka tena, hajakifuata. Tangu aanguke hakuwa amepanda farasi yeyote.

Mama yake akasimama kwenye uzio. Nikasimama naye, lakini si karibu. Ghafla akageuka akaupa uwanja mgongo, akafunika macho kwa viganja vyote viwili.

“Sijawahi kumtazama,” akasema. “Hata siku moja. Huwa nasikiliza tu watu wakishangilia. Leo hakuna watu. Ameruka?”

“Hajafika. Anazunguka.”

“Sasa?”

“Ameelekea.”

Alikuja kwa mwendo mdogo, mgongo umenyooka. Mimi nilitazama mikono. Nilihesabu naye kimoyomoyo, moja, mbili, na pale pale panapotakiwa mikono ikaenda mbele, ikaachia, yule farasi mzee akajinyanyua kwa kuguna akatua upande wa pili salama.

“Ameruka?”

“Ameruka, mama. Ameachia mahali pake kabisa.”

Akaondoa viganja usoni. Sekunde alikuwa anapita mbele yetu akimpigapiga farasi shingoni, anacheka kwa sauti kama mtoto, na macho yake yaliponifikia kicheko kikaisha. Hakunikunjia uso. Alinitazama kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka amenionea wapi, kisha akamgeuza farasi akaenda kukizunguka tena. Nililia hapo hapo, bila kujificha, na sikutaka mtu anibembeleze.

Hakunibembeleza mtu. Mama yake alizikunja zile suruali za dukani, ambazo kumbe alitembea nazo kwapani muda wote, akazirudisha kwenye kifurushi.

“Usiniite mama,” akasema.

“Nisamehe.”

Akaanza kuondoka kuelekea getini. Alikwenda hatua nne, tano, akasimama bila kugeuka, akiirekebisha tepu shingoni.

“Bado,” akasema.